“Jog”: neno lililoanza kwa mtikiso

Bila shaka umewahi kumsikia mtu akisema, “Nakwenda kujogi.” Hapa Eldoret neno hilo limezoeleka kama chai ya asubuhi. Je, wajua lilikotoka?

Ajabu ni kwamba hapo awali “jog” halikuhusu mbio. Waingereza walianza kulitumia katika karne ya 16 kwa maana ya kutikisa, au kumgusa mtu kwa kiwiko. Yasemekana lilitokana na neno la kale zaidi, “shog,” lenye maana iyo hiyo ya kutikisa. Ndiyo sababu hadi leo Mwingereza akikumbushwa jambo husema kumbukumbu yake imefanyiwa “jog,” yaani imetikiswa kidogo. Baadaye neno likahamia kwenye mwendo wa polepole wenye kutikisatikisa, kama wa farasi na mpandaji wake.

Kulifanya zoezi la kila mtu ni jambo la juzi. Katika miaka ya 1960, kocha Arthur Lydiard wa New Zealand aliwahimiza watu wazima wakimbie taratibu ili kuimarisha moyo. Kocha Bill Bowerman wa Marekani alimtembelea mwaka 1962, akayaona, na mwaka 1967 akatoa kitabu juu ya zoezi hilo akishirikiana na daktari wa moyo.

Kiswahili nacho si maskini. Punda asiyetembea wala kutimua mbio tunasema anakwenda matiti. Askari na wanafunzi wanaokimbia pamoja huku wakiimba, hao wako kwenye mchakamchaka.

Pengine wewe mzazi waona haya kukimbia katika mji wa mabingwa, ukihofu kuchekwa. Usijali! Eliud Kipchoge, aliyemaliza kilomita 42.195 mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alijiandaa kule Kaptagat, na siku nyingi za mazoezi yake zilikuwa za mbio nyepesi. Bingwa hakuona aibu kwenda polepole. Wewe waona aibu gani?

Kumbuka tu kwamba Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na pumzi hukatika upesi. Kipimo ni rahisi: ukimbiapo, uweze kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa, punguza mwendo. Maana ya neno ni kuutikisa mwili, si kuuvunja.