Tufani na Mpaka wa Maji Chumvi na Maji Matamu: Ulinganisho wa Bahari za Ncha za Dunia na Delta ya Rufiji

1.0 Utangulizi

Tufani huelezwa kwa kasi ya upepo wake, wingi wa mvua yake na idadi ya nyumba zilizoezuliwa. Maelezo hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi kubainisha kile ambacho tufani huyafanyia maji ya bahari. Chini ya uso wa bahari kuna mpangilio usioonekana kwa macho: maji yenye chumvi kidogo hukaa juu, na yenye chumvi nyingi hukaa chini kwa kuwa ni mazito zaidi. Tufani huukuta mpangilio huo ukiwa imara au dhaifu, na athari yake hutegemea sana hali hiyo. Makala haya yanaifafanua hoja hiyo kwa kulinganisha maeneo mawili yaliyo mbalimbali: bahari za ncha za dunia, ambako mpangilio huo hutawaliwa na barafu, na delta ya Mto Rufiji, ambako hutawaliwa na mto na bamvua. Mkazo umewekwa upande wa kaskazini wa delta, katika Wilaya ya Kibiti, ambako kilimo cha mpunga na maji ya visima katika maeneo kama Ruaruke hukaa karibu na mpaka huo.

Istilahi moja inahitaji ufafanuzi. Katika Kiswahili cha kawaida, maji yasiyo na chumvi huitwa maji baridi. Kwa kuwa mjadala huu unahusu pia bahari zenye barafu, matumizi hayo yangeleta utata. Hivyo, maji yasiyo na chumvi yanaitwa hapa maji matamu, na neno baridi linabaki kwa maana ya joto dogo.

2.0 Barafu, Chumvi na Tufani katika Bahari za Ncha

Kilo moja ya maji ya bahari kuu huwa na takribani gramu 35 za chumvi. Kwa sababu ya chumvi hiyo, maji hayo hayagandi katika nyuzijoto 0 za Selsiasi, bali hungoja hadi karibu nyuzi 1.8 chini ya sifuri. Yanapoganda, maji hujipanga kuwa barafu na kuiacha nje sehemu kubwa ya chumvi. Chumvi hiyo huingia katika maji yaliyo chini ya barafu, huyaongezea uzito na kuyafanya yazame. Barafu inapoyeyuka wakati wa kiangazi, mambo hugeuka: maji yenye chumvi kidogo hutandaa juu ya bahari kama tabaka jepesi.

Katika Bahari ya Aktiki tabaka hilo huongezewa maji na mito mikubwa, ikiwemo Ob, Yenisei na Lena ya Urusi na Mackenzie ya Kanada. Chini yake, kwa kina cha mamia ya mita, yapo maji yenye chumvi nyingi yaliyotoka Bahari ya Atlantiki, nayo yana joto kuliko maji ya juu. Joto hilo haliifikii barafu kwa urahisi, kwa sababu tabaka jepesi la juu hukaa katikati mithili ya kifuniko.

Tufani hukitikisa kifuniko hicho kwa njia mbili. Katika kiangazi, upepo huvunja barafu vipandevipande, mawimbi huingia kati ya vipande hivyo, na maji ya juu huchanganyika na yale yaliyo na joto chini kidogo yake. Barafu huyeyushwa kutoka chini. Katika majira ya baridi, upepo huisukuma barafu na kufungua maeneo ya maji wazi. Maji hayo hukutana na hewa baridi sana, huganda haraka na kumwaga chumvi mpya baharini. Kandokando ya Antaktika, utaratibu huu huzalisha maji mazito yanayozama hadi sakafu ya bahari na kusambaa mbali kuelekea kaskazini.

Mfano wa Agosti 2012 unaeleza umuhimu wa hali inayoikuta tufani. Tufani iliyoanzia Siberia iliingia Bahari ya Aktiki, na mgandamizo wa hewa katika kitovu chake ulishuka hadi takribani hektopaskali 966. Mwezi uliofuata, eneo la barafu lilipungua hadi takribani kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyopata kurekodiwa kwa setilaiti. Ilikuwa rahisi kuibebesha tufani lawama yote. Hata hivyo, utafiti wa Zhang na wenzake wa mwaka 2013, uliotumia modeli ya kompyuta, ulionesha kuwa rekodi ingevunjwa hata bila tufani hiyo, kwa kuwa barafu ilikwisha kuwa nyembamba. Tufani iliharakisha jambo lililokuwa limeandaliwa na miaka iliyotangulia.

3.0 Mpaka wa Chumvi katika Delta ya Rufiji

Delta ya Rufiji haina barafu, lakini ina tabaka. Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu kutoka katika bonde lenye takribani kilomita za mraba 177,000, kisha hugawanyika katika matawi yanayoingia baharini mkabala na Kisiwa cha Mafia. Mikoko ya delta hii, inayokadiriwa kufikia hekta 53,000, ndiyo eneo kubwa zaidi la mikoko lililo pamoja katika Afrika Mashariki.

Maji matamu ya mto huelea juu, na maji chumvi ya bahari hupenya chini yake kama kabari inayoelekea bara. Kabari hiyo haitulii mahali pamoja. Wakati wa masika mto hujaa na kuisukuma kuelekea baharini. Katika kiangazi mto hupungua nayo hupanda juu zaidi ya matawi. Aidha, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii huzidi mita 3, na mkondo wake mkali huyachanganya maji ya juu na ya chini. Wakati wa maji mafu, mkondo hulegea na tabaka hujipanga upya.

Uoto wa delta husaidia kuusoma mpaka huo. Msikundazi hustawi zaidi pale ambapo maji matamu hufika kwa wingi, ilhali mchu huweza kuvumilia chumvi nyingi. Wakulima nao huusoma. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu kubwa ya maji ya mto imekuwa ikipita katika matawi ya kaskazini, na kilimo cha mpunga kimeenea huko, mara nyingi katika maeneo yaliyofyekwa mikoko. Mpunga huo hutegemea mafuriko ya maji matamu kuosha chumvi ardhini kabla ya miche kushika. Mahali ambapo maji hayo hayakufika, au yalifika yakiwa machache, ardhi hubaki na chumvi na mazao hudhoofu.

4.0 Namna Tufani Inavyousogeza Mpaka

Tufani inapoikaribia pwani, huinua bahari kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kupungua kwa mgandamizo wa hewa: kila hektopaskali moja inayopungua huruhusu maji kupanda kwa takribani sentimita 1. Kimbunga chenye mgandamizo wa hektopaskali 980 kitovuni, ukilinganishwa na wa kawaida wa 1,013, huinua bahari kwa takribani sentimita 33. Sababu ya pili, ambayo mara nyingi ndiyo kubwa zaidi katika maji yasiyo na kina, ni upepo unaoyasukuma maji kuelekea nchi kavu.

Upande wa kitovu una umuhimu mkubwa. Katika kizio cha kusini, upepo wa kimbunga huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Hivyo, kimbunga kinachotoka mashariki kikifika pwani ya Tanzania, upepo ulio kusini mwa kitovu huelekea bara na kuyarundika maji katika midomo ya mto, ilhali ulio kaskazini mwa kitovu huelekea baharini na kuyaondoa. Kimbunga kimoja, kikipita kilomita chache kusini au kaskazini ya delta, huweza kuwa na matokeo yaliyo kinyume.

Saa nayo ni muhimu. Ongezeko la nusu mita likifika maji yakiwa yamekupwa, humezwa na nafasi iliyoachwa na bahari. Likifika wakati wa kilele cha bamvua, huvuka kingo za vijito na kuingia mashambani.

Maji chumvi yakishavuka kingo, hatari haimaliziki pale bahari inaporudi. Maji yaliyonaswa mashambani hupigwa na jua. Maji hutoka kama mvuke, chumvi hubaki. Hapa ndipo delta na bahari za ncha zinapofanana zaidi. Baridi kali huondoa maji kwa kuyagandisha, jua huondoa maji kwa kuyakausha, na katika hali zote mbili chumvi iliyobaki huzidi ukali. Kama yanavyozama maji mazito chini ya barafu, ndivyo maji chumvi yanavyopenya katika udongo wa kichanga na kuingia katika hazina ya maji matamu inayolisha visima vifupi.

5.0 Kimbunga Hidaya, Masika na Mtiririko wa Mto

Vimbunga ni nadra katika pwani ya Tanzania, kwa kuwa karibu na ikweta nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, ambayo huufanya upepo uzunguke kitovu, ni dhaifu. Hata hivyo, historia inavyo: kimbunga kilichoipiga Zanzibar Aprili 1872, kilichoipiga Lindi Aprili 1952, na Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Vyote vitatu vilikuja katika miezi ya masika.

Ulinganifu huo wa majira una maana kwa mpaka wa chumvi. Hidaya kilikuja baada ya mvua kubwa za msimu wa 2023/2024, wakati Rufiji na Kibiti zikiwa zimekumbwa na mafuriko ya Aprili yaliyofunika mashamba na kuhamisha watu. Kwa upande wa makazi na mazao, mto uliojaa ulikuwa balaa. Kwa upande wa chumvi, mto huohuo ulikuwa ngao: kabari ya maji chumvi ilikuwa imesukumwa kuelekea baharini, na maji matamu yalikuwepo ya kuiosha ardhi. Tufani ileile ikikutana na mto uliopungua, ingeikuta kabari ikiwa imekwisha kupanda, na mvua yake pekee ndiyo ingebaki kuwa kinga.

Hali ya mto sasa haiamuliwi na mvua peke yake. Bwawa la Julius Nyerere, lililobuniwa kuzalisha megawati 2,115 za umeme, lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa la aina hii husawazisha mtiririko: hupunguza kilele cha masika na kuongeza maji ya kiangazi. Ongezeko la kiangazi huweza kuizuia kabari ya chumvi isipande. Lakini kilele cha masika kikipunguzwa, delta hupoteza sehemu ya maji ya kuosha mashamba na ya kukabili bahari katika miezi ileile ambayo vimbunga vimezoea kuja. Vilevile tope linalojenga kingo za vijito hunaswa nyuma ya ukuta.

6.0 Hitimisho

Ulinganisho huu unaonesha kuwa tufani haipaswi kupimwa kwa upepo wake pekee. Katika Aktiki, unene wa barafu na uimara wa tabaka la juu ndivyo vinavyoamua kiasi cha barafu kitakachopotea. Katika delta ya Rufiji, kina cha mto, saa ya bamvua na upande wa kitovu ndivyo vinavyoamua iwapo shamba litapata maji matamu au chumvi itakayodumu misimu kadhaa.

Kutokana na hoja hiyo, mambo mawili yanapendekezwa. Kwanza, tahadhari za tufani zinazotolewa kwa wakazi wa delta zitaje, pamoja na upepo na mvua, wakati wa maji kujaa na hali ya mtiririko wa mto, na maamuzi ya kufungulia maji bwawani yazingatie mambo hayo. Pili, kiwango cha chumvi katika vijito, mashamba na visima kipimwe kwa mfululizo, wakati wa bamvua na wa maji mafu, masika na kiangazi, kabla ya tufani kufika. Vipimo vinavyoanza baada ya tufani huonesha chumvi iliyopo, lakini haviwezi kutenganisha iliyoletwa na tufani na ile iliyokuwa imekwisha kuingia polepole kwa sababu ya mto kupungua. Bila kuzitenganisha hizo mbili, mkulima wa mpunga atashauriwa kujikinga na upepo, ilhali kinachomnyima mavuno ni upungufu wa maji ya mto.