Linki ya Malipo Imejijaza? Isome Kabla ya PIN

Uko Nakuru mjini, umeagiza magunia mawili ya viazi kutoka Molo. Muuzaji anakutumia linki ya malipo kwa WhatsApp. Unaibonyeza, na kumbe kiasi na akaunti tayari zimejazwa! Zimetoka wapi?

Zimo ndani ya linki yenyewe, baada ya alama ya kuuliza:

?akaunti=VIAZI7&kiasi=6400

Alama ya = inaonyesha jibu la kila kitu; & inatenganisha kitu kimoja na kingine. Ukurasa unasoma hayo na kukujazia, kwa hivyo hukosei tarakimu.

Lakini maandishi hayo yako wazi. Mtu yeyote anaweza kugeuza 6400 iwe 64000, ama aweke akaunti yake, kisha akutumie. Kujazwa si kuthibitishwa.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa:

1. Soma jina la tovuti mwanzoni mwa linki. Ni ile unayoijua?
2. Linganisha kiasi na bei mliyoelewana.
3. Soma jina la mpokeaji kwenye simu, ndipo uweke PIN.

Jina likikushangaza, ghairi na umpigie muuzaji. Dakika moja ya simu ni nafuu kuliko gunia lisilofika.