Wazazi Wetu Walitulea kwa Kuwa Karibu Nasi



Sisi tuliozaliwa Musoma mwishoni mwa miaka ya 1980 tumekwisha fika umri wa kulea. Tunapokutana barazani baada ya swala ya Isha, mazungumzo hayakawii kugeukia namna tulivyolelewa. Hatuyasemi hayo kwa kuutamani umaskini wa siku zile. Tunayasema kwa kuwa sasa tunatambua kwamba walichotupa wazazi wetu hakikununuliwa kwa fedha, kwani fedha hawakuwa nazo. Walitupa nafsi zao. Walikuwapo, tukawaona, tukajifunza.

Tuanze na mama. Nyumba yetu, kama nyingi za Musoma, ililishwa na ziwa. Mama aliswali Alfajiri kisha akaenda mwaloni kupokea dagaa waliovuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa karabai. Aliwaanika juani, akawageuza, na walipokauka aliwauza kwa kopo. Tuliokaa kando ya beseni tuliuona mkono wake ukijaza kopo mpaka likawa na kilele, kisha ukaongeza konzi moja juu yake. Hakutuhutubia juu ya haki katika vipimo. Lakini ustadhi alipotuhifadhisha Suratul Mutaffifin katika Juzuu Amma, na kutueleza jinsi Mwenyezi Mungu alivyowaonya wapunjao watu katika vipimo, hatukuhitaji mfano wa ziada. Tafsiri ya sura ile tulikuwa tumekwisha kuiona mikononi mwa mama.

Baba alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na alikuwa amesilimu ukubwani. Herufi za Kiarabu alizianza pamoja nasi. Kila siku baina ya Maghrib na Isha alikaa mkekani kando ya koroboi, akafuatisha kidole chake nyuma ya kidole cha mtoto wa miaka saba. Alipokosea tulimsahihisha, naye alishukuru na kurudia. Leo tukiwaona watu wazima wanaona haya kujifunza Fat'ha kwa sababu ya umri wao, tunamkumbuka. Alitufundisha, bila kusema, kwamba elimu haina mkubwa, na kwamba baba hapungukiwi heshima kwa kusahihishwa na mwanawe.

Wala malezi hayakuishia mlangoni mwetu. Mtaani walikaa Wajita, Wakurya, Wazanaki, Wajaluo na Wasukuma, Waislamu na Wakristo. Mzee yeyote aliyetukuta tukifanya utovu wa adabu alitukanya papo hapo, na habari ilifika nyumbani kabla yetu. Hakuna mzazi aliyemwendea jirani kumuuliza kwa nini amemkanya mtoto wake. Alishukuru. Siku ya Idi sahani za pilau zilitoka kwetu kwenda kwa majirani wa dini zote, na jirani alipofiwa, baba alifunga cherehani akaenda kukaa matangani.

Lipo jambo jingine ambalo Waislamu wengi wa Mara watalitambua. Uislamu katika familia nyingi za mkoa wetu haukurithiwa kutoka mbali sana. Bibi mzaa mama alikaa kijijini Butiama, na hakuwa Mwislamu. Kila likizo tulipelekwa kwake. Tulipanda gari, tukamalizia safari kwa miguu, na mfuko wa dagaa kichwani mwa mama. Bibi alikuwa na sufuria aliyoiweka mahali pake peke yake kwa ajili yetu, na kuku hakuchinjwa mpaka aitwe Mwislamu wa kuchinja. Mama naye hakuacha kumpigia magoti mama yake alipomwamkia, wala kumchotea maji na kumpalilia shamba la mtama. Mmoja aliilinda dini ya wajukuu isiyokuwa yake. Mwingine alilinda haki ya mzazi ambayo dini yake ilimwamuru ailinde.

Tulipofika chuoni ndipo tulipozisoma hoja za jambo lile. Suratu Luqman inatukataza kuwatii wazazi katika ushirikina, na papo hapo inatuamrisha kukaa nao kwa wema hapa duniani. Bi Asmaa binti Abubakar (R.A.) alipotembelewa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kama aunge naye udugu, naye akamwamuru aunge. Twayasema haya kwa sababu wapo vijana wetu wanaodhani kumkwepa babu au bibi asiyekuwa Mwislamu ni uchamungu. Sivyo walivyofanya waliotulea, wala sivyo tulivyofundishwa.

Butiama hiyo inajulikana duniani kwa mwana mwingine, ambaye hakuwa wa dini yetu lakini anatoa funzo katika jambo hili. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa huko mwaka 1922, mtoto wa Burito Nyerere, mtemi wa Wazanaki, na Mugaya Nyang'ombe. Baba yake alikuwa na wake wengi, na mtoto alikulia nyumbani kwa mama yake, akichunga mifugo, mpaka mwaka 1934 alipoanza shule Mwisenge, hapa Musoma. Mwaka 1962, alipoandika kuueleza Ujamaa, chimbuko lake alilitaja kuwa ni ule undugu wa familia ya Kiafrika aliokulia ndani yake. Alipoacha urais mwaka 1985 alirudi kulima kijijini kwao, na alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 alirudishwa Butiama, akazikwa karibu na makaburi ya wazazi wake. Mtu aliyefika mbali kiasi hicho hakuiona njia ya kurudi kwa wazazi kuwa ndefu.

Sisi je? Katika kazi ya ukatibu wa msikiti tunaweka daftari la wagonjwa na wazee wa kuzuru. Majina yanaongezeka. Wengi wao ni wazazi wenye watoto wenye kazi Mwanza, Arusha na Dar es Salaam. Tunapigiwa simu: "Katibu, tuangalizieni mzee, tumekwisha tuma hela." Tangu mwaka 2008 fedha zinatumwa kwa simu nchini mwetu, nayo ni neema kubwa, kwa maana dawa na unga havingojei basi. Lakini mzee mmoja wa Bunda, aliyelima pamba miaka mingi kusomesha watoto, alituambia kwamba simu yake huita kila mwisho wa mwezi, na sauti anayoisikia ni ya ujumbe wa fedha. Siku akifariki, tuna yakini magari yatajaa uwanjani.

Suratul Israa inautaja uzee wa wazazi kuwa ni uzee unaowafikia wakiwa kwa mtoto wao, na dua iliyomo humo ya kuwaombea rehema imefungamanishwa na malezi waliyotupa utotoni. Basi na malipo yafanane na malezi. Waliotulea kwa kuwa karibu nasi tuwalipe kwa kuwa karibu nao, na fedha ziongezwe juu yake, kama konzi ile juu ya kopo.

Likizo ya Desemba tuwapeleke watoto Butiama, Bunda na kila kijiji tulikotoka, wakae juma zima, si alasiri moja. Wachote maji, wapalilie, wawasikilize wazee. Walio mbali wapige simu ya mazungumzo kabla ya kutuma fedha. Ambaye wazazi wake wametangulia mbele ya haki, milango haijafungwa: awaombee, atimize ahadi walizoziacha, aunge udugu kwa jamaa zao, awaheshimu marafiki zao. Na jioni, baina ya Maghrib na Isha, tuzime televisheni, tuweke simu kando, tukae mkekani na watoto wetu. Nao watakapokuwa watu wazima wawe na la kusimulia.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu, walio hai na waliotangulia, na atujaalie tuwe watoto wema kwao. Amin.