Sifa Ipi Humjenga Mtoto Darasani?

Mtoto anapofaulu mtihani, wengi wetu humwambia, "Mashaallah, una akili sana!" Neno hili hutoka kwenye moyo wa mapenzi, lakini laweza kumvunja hima ya kusoma.

Mwaka 1998, wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walichapisha utafiti juu ya jambo hili. Watoto wa darasa la tano walipewa mafumbo ya kutatua. Baadhi wakasifiwa kwa akili zao, wengine kwa bidii yao. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu, nao wakashindwa. Waliporudishiwa mafumbo mepesi, waliosifiwa kwa akili walipata alama za chini kuliko mara ya kwanza, hali waliosifiwa kwa bidii walipanda. Walipotakiwa kumwandikia mtoto mwingine alama walizopata, zaidi ya thuluthi ya waliosifiwa kwa akili walisema uongo.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Mtoto aliyeambiwa kuwa ana akili huuona kila mtihani kuwa mizani ya akili hiyo. Akikosa, hujiona hana tena kitu, na huona afadhali asijaribu au afiche. Aliyesifiwa kwa bidii hulichukua kosa kuwa dalili ya kazi iliyobaki.

Madrasani jambo hili tumelizoea. Mtoto akikosea herufi, mwalimu humrudisha papo hapo, naye huirudia aya mpaka ikae sawa. Kosa huwa sehemu ya somo. Mbona basi kosa la hesabu tulifanye aibu ya nyumba nzima?

Mama msomaji, mwanao akirudi skuli na alama 35, usimtajie mwana wa jirani. Keti naye, umwambie, "Nionyeshe ulipokwama." Akifaulu, mtajie alilolifanya: "Nimeona ulivyoirudia hesabu ile mpaka ukaipata." Sifa hiyo iwe ya kweli, kwani mtoto huitambua sifa ya bure. Na ikiwa amejitahidi bila mafanikio, usimwambie tu aongeze bidii. Mwende pamoja kwa mwalimu wake mtafute njia nyingine ya kulielewa somo.

Akili ya mtoto haiongezeki kwa kutangazwa. Hukua kila anaporudia lililomshinda, akijua kuwa nyumbani hatadharauliwa kwa kukosea.