Hela yenye herufi T
Msimu wa kahawa ukifika Mbinga, neno linalosikika kila kona ni hela. Hela imetoka, hela imechelewa, hela ya mbolea imeisha. Neno hilo tulilipata kwa Wajerumani, ambao mwaka 1904 waliigawa rupia ya koloni lao katika heller 100. Wenyewe wakaondoka, heller ikabaki vinywani mwetu.

Mimi huzikusanya hizo hela zenyewe. Ninayoipenda kuliko zote ni ya shaba ya njano, heller 20 ya mwaka 1916. Upande mmoja una taji, herufi D.O.A. za jina la koloni, na mwaka. Upande wa pili una thamani yake ndani ya shada la majani, na chini kabisa herufi moja: T. Ni T ya Tabora.

Koloni halikuwa na kiwanda cha sarafu. Zilikuja kwa meli kutoka Ujerumani. Vita vilipoanza Agosti 1914, manowari za Waingereza zikaifunga bahari. Huku kwetu navyo havikukawia. Ukiteremka Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, na kufuata ufukwe kwenda kaskazini utafika Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe la Pomonda lenye sura ya sphinx. Hapo, tarehe 13 Agosti, meli ya Kiingereza Gwendolen ya Kapteni Rhoades iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa hajapata hata habari kwamba kuna vita.

Sasa, sarafu za Ujerumani zikiwa hazifiki tena, askari walipwe nini, na chakula cha jeshi kinunuliwe kwa nini? Zilichapwa noti za dharura, na kufikia 1917 zilikuwa zikigongwa porini kwa mihuri ya mpira. Lakini karatasi hulowa, huchanika, huliwa na mchwa. Kwa hiyo mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Maganda ya risasi na ya mizinga yakayeyushwa, yakawa heller 5 na heller 20. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke nayo ikawa rupia 15 yenye picha ya tembo mbele ya milima. Zilitoka takriban 16,000 tu. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakaitwaa Tabora.

Wakusanyaji wa Ulaya hununua tembo huyo kwa maelfu ya dola. Mimi bado moyo wangu uko kwa shaba. Dhahabu ilikwenda kwa wakubwa. Heller 20 ndiyo iliyoweza kufungwa kwenye pindo la kanga.

Ndiyo maana huniuma kuona mtu ameokota moja shambani, kisha anaisugua kwa majivu na limau mpaka ing'ae. Ule weusi ni ngozi yake. Ukiutoa, taji linafutika pamoja nao, na sarafu inapoteza hata bei. Ioshe kwa maji matupu, uikaushe, basi. Halafu andika imetoka shamba gani na nani aliihifadhi, kwa sababu hilo shaba yenyewe haiwezi kukueleza.

Yangu iko ndani ya bahasha ya karatasi, nyeusi kama ilivyonifikia. Ukiielekeza dirishani asubuhi, T inaonekana vizuri.