Samaki Atazamaye Juu

Ndugu wanafunzi wa Babati, leo tutajifunza habari za samaki mdogo wa vijito vya milimani.

Mnawajua perege na kambale wa Ziwa Babati. Samaki wa leo ni ndugu wa mbali wa kambale, lakini yeye hupenda maji maangavu, ya baridi, yapitayo kasi juu ya mawe. Mwaka 1889 mtaalamu wa Ujerumani, Georg Pfeffer, aliandika habari zake, kutokana na samaki waliovuliwa katika milima ya Nguru, Morogoro. Alimpa jina uranoscopus, maana yake "atazamaye mbinguni". Jina linamfaa, kwani macho yake yako juu ya kichwa.

Mara nyingi hafiki sentimeta 20. Hana magamba. Ana sharubu 6. Tumbo lake ni bapa na mapezi yake ni mapana, hivyo hujibandika juu ya jiwe asichukuliwe na maji. Chakula chake ni wadudu wachanga wakaao chini ya mawe.

Kwa nini anataka maji ya baridi? Samaki huvuta hewa iliyomo majini. Tekeni maji, mkayaweke motoni. Kabla hayajachemka mtaona mapovu madogo pembeni mwa sufuria. Hiyo ni hewa inayotoka. Basi, maji yakipata joto, hewa hupungua.

Mtu akikata miti ya ukingoni, jua hupasha maji. Akilima mpaka ukingoni, mvua huleta udongo, nao huziba nafasi kati ya mawe. Samaki hukosa hewa, chakula na maficho. Mwingine hutia utupa majini. Huyo huua wakubwa na wachanga pamoja, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inamkataza.

Vijito viteremkavyo katika milima yenu, kama Kwaraa, navyo huharibika kwa njia hiyo hiyo. Tope la juu hushuka mpaka kwenye ndoo ya mtu wa chini. Ndiyo maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kazi za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hesabuni hatua kutoka kijitoni hadi shambani kwenu.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini samaki huyu hachukuliwi na maji?
2. Udongo unamdhuru vipi?
3. Kijito cha kwenu kina miti ukingoni? Nani ataipanda?