Ishara za Kalsiamu katika Mizizi ya Mimea ya Jamii ya Kunde

Mwanafunzi akiung'oa mkunde wiki chache baada ya kupanda, na kuisuuza mizizi yake, ataona vinundu vidogo. Akikipasua kilicho hai, ataona wekundu ndani. Humo huishi bakteria wa kundi la rizobia, ambao huitwaa naitrojeni ya hewa na kuigeuza iwe chakula cha mmea. Hayo yamo katika vitabu vya shule. Lisilosimuliwa sana ni hili: mmea hutambuaje kwamba kiumbe anayebisha hodi ni mshirika, wala si adui?

Seli haivumilii kalsiamu nyingi katika saitoplazimu yake, kwani huungana na fosfati na kufanya chembe zisizoyeyuka. Kwa hiyo pampu za utando huitoa nje au kuifungia katika maghala ya ndani, hata ibakiayo ikawa kama sehemu moja kwa 10,000 ya iliyo nje. Kutokana na uhaba huo, mlango ukifunguliwa kidogo tu, badiliko hutambulika mara moja. Kilicho hatari kimefanywa mjumbe.

Rizobia hutoa molekuli ambayo umbo lake lilibainishwa mwaka 1990: mnyororo mfupi wa sukari, wa namna ya kaitini, wenye mkia wa mafuta. Ajabu ni kwamba kaitini yenyewe imo katika kuta za kuvu, ambao wengi wao ni maadui wa mimea. Mmea ukikutana na vipande vya kaitini ya kuvu hao, kalsiamu hupanda kwa dakika chache na kinga huamshwa. Kwa molekuli ya rizobia, kalsiamu hupanda na kushuka kwa mapigo katika kiini cha seli ya kinyweleo cha mzizi na kandokando yake, kila pigo likichukua dakika moja au mbili. Ehrhardt, Wais na Long waliyaeleza mapigo hayo mwaka 1996, baada ya kuchunguza alfalfa huko Marekani.

Hata hivyo, kalsiamu peke yake si ujumbe kamili. Sharti awepo wa kuusoma. Msomaji huyo ni kimeng'enya cha kiini kiitwacho CCaMK. Mwaka 2006 ilidhihirika kwamba kikibadilishwa kiwe macho daima, vinundu huota pasipo bakteria hata mmoja, ingawa vinundu hivyo vitupu havitengenezi chochote cha kuulisha mmea.

Mpunga nao unacho kimeng'enya hicho, nao hukitumia kupokea kuvu rafiki wa mizizi, mikoriza. Kilipohamishiwa katika mmea wa jamii ya kunde uliokikosa, mmea huo ulirudia kuota vinundu. Kwa nini basi mpunga wenyewe hauna vinundu? Swali hilo linawashughulisha watafiti hadi leo.